Umeme wa Nyuklia Nchini Kenya: Imani ya Wananchi Nayo ni Ngome

Kwa miaka mingi serikali ya nchi jirani ya Kenya imekuwa ikijiandaa kujenga mtambo wake wa kwanza wa umeme unaotumia nguvu za nyuklia. Maandalizi hayo yamepita katika hatua nyingi za kitaalamu, lakini hatua iliyoleta mgogoro mkubwa kuliko zote haikuhusu urani wala mashine. Ilihusu kijiji kimoja cha wavuvi na wakulima katika pwani ya Kilifi, kiitwacho Uyombo, ambacho wakazi wake wengi walisema hapana. Mazungumzo haya yanaeleza kwa nini walisema hivyo, kwa nini Wakenya wengine walikuwa tayari kusema ndiyo, na kwa nini jambo hilo linamhusu askari wa jeshi na wa polisi, awe wa Kenya yenyewe au wa nchi inayopakana nayo.

Mpango wenyewe haukuzaliwa jana. Mwaka 2010 Kenya iliunda kamati ya kuchunguza uwezekano wa kufua umeme kwa nguvu za nyuklia. Mwaka 2012 kamati hiyo iligeuzwa kuwa bodi kamili, na mwaka 2019 Sheria ya Nishati ikaunda wakala wa serikali wenye jukumu hilo. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake mjini Vienna, walikwenda Kenya kupima maandalizi yake. Kwa mujibu wa mipango iliyotangazwa, mtambo huo ungekuwa wa megawati 1,000, ungegharimu kiasi cha shilingi za Kenya bilioni 500, ungeanza kujengwa mwaka 2027 na kutoa umeme mwaka 2034.

Inafaa kwanza kueleza kwa ufupi namna mtambo wa aina hiyo unavyofanya kazi, maana hofu na matumaini ya watu yote yanatokana na hapo. Ndani ya kinu cha nyuklia, viini vya atomi za urani hupasuliwa. Kupasuka huko hutoa joto kali, joto hilo huchemsha maji, na mvuke wa maji huzungusha mashine za kufua umeme. Tofauti yake na mtambo wa makaa ya mawe ni chanzo cha joto. Kipande cha urani kilichotayarishwa, chenye ukubwa wa ncha ya kidole, hutoa joto linalokaribia lile la tani nzima ya makaa. Moshi wa makaa haupo. Lakini urani iliyokwisha kutumika hubaki na mionzi ya hatari kwa maelfu ya miaka, na kinu hakina budi kupozwa kwa maji mengi wakati wote, hata baada ya kuzimwa. Ndiyo sababu mitambo hiyo hujengwa kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa, yaani mahali ambapo, kwa kawaida, watu wamekwisha kukaa kabla ya wahandisi kufika.

Hoja za serikali ya Kenya si dhaifu. Nchi hiyo inakua, na viwanda vinahitaji umeme usiokatika usiku na mchana. Mwaka 2025 mahitaji ya umeme nchini humo wakati wa kilele yalivuka megawati 2,300. Mito inayoendesha mabwawa hupungua maji wakati wa ukame, upepo hutulia, na jua huzama. Wanaounga mkono mpango huo wanasema taifa linalotaka viwanda haliwezi kuendelea kutazama mawingu kila mwaka kuuliza kama mvua itanyesha. Wanaongeza kuwa vijana wa Kenya watapata elimu ya sayansi ya juu na ajira ambazo bila mtambo huo hazipatikani.

Wanaopinga nao wana hesabu zao. Wanakumbusha kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari unatokana na vyanzo visivyokwisha, na kwamba mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, hautegemei mvua wala jua, na bado kuna mvuke mwingi ambao haujaguswa. Wanauliza pia swali la kifundi. Kanuni ya kawaida katika kazi ya umeme ni kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za gridi nzima, ili ukizimika ghafla nchi isiingie gizani. Mtambo mmoja wa megawati 1,000 katika nchi ya megawati 2,300 unazidi kipimo hicho mara nyingi. Hayo ni mabishano ya wataalamu, na wataalamu wanaweza kuyamaliza kwa hesabu. Mabishano ya Uyombo yalikuwa ya namna nyingine.

Uyombo ni kijiji cha kata ya Matsangoni katika kaunti ya Kilifi. Jirani yake kuna mkono wa bahari wa Mida wenye mikoko mingi, hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo ni maskani ya matumbawe na kasa, na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Mvuvi wa Uyombo anaishi kwa samaki wa bahari hiyo, na kijana asiyekwenda baharini huishi kwa watalii wanaokuja kuitazama. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa kwamba maji ya pwani yake yatatumika kupoza kinu, haulizi kwanza habari za atomi. Anauliza samaki watakwenda wapi, na ni mgeni gani atakayelipa nauli kuja kuogelea mbele ya mtambo wa nyuklia.

Swali la pili ni la ardhi. Pwani ya Kenya ina historia ndefu na chungu ya watu kuishi vizazi na vizazi katika mashamba ambayo hawana hati zake. Mkulima asiye na hati anajua kuwa siku ya fidia atakuwa wa mwisho katika mstari, kama atakuwemo. Kwa hiyo kila anapoona wapimaji wakipita shambani kwake, huona mwanzo wa kuhamishwa, hata kama wapimaji wenyewe hawana nia hiyo.

Swali la tatu ni la kumbukumbu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa pwani ya Kenya wamekwisha kuumwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya madini ya risasi katika hewa, udongo na maji, na watoto waliugua. Kiwanda hicho kilikuwa na vibali. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri hilo likaendelea kwa rufani hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Mwanamke aliyeongoza mapambano hayo, Phyllis Omido, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na chama alichokianzisha ndicho kilichosimama baadaye pamoja na watu wa Uyombo. Huko Lamu nako, mwezi Juni mwaka 2019, baraza la rufani la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mtu akiyaweka mambo hayo pamoja, ataona kwamba watu wa Kilifi walikuwa wanapima ahadi ya serikali kwa kipimo walicho nacho. Wakuu wa wakala wa nyuklia walieleza kwamba mitambo ya sasa ni salama mno kuliko ile ya zamani, na katika hilo walisema kweli. Lakini mwananchi alijiuliza: kama waliopewa kazi ya kusimamia kiwanda cha betri walishindwa kumlinda mtoto wa Owino Uhuru, nani atakayesimamia kinu cha nyuklia? Swali hilo halijibiwi kwa kijitabu chenye picha. Linajibiwa kwa matendo ya miaka mingi.

Basi ikawa mwaka 2023 wapinzani wa mpango huo walipeleka maombi yao Bungeni, wakisema wananchi hawajapewa taarifa za kutosha wala kuelezwa jinsi eneo lilivyochaguliwa. Mwaka 2024 waliingia barabarani kuandamana. Polisi walipelekwa kuwatawanya, nguvu ikatumika, na watu wakajeruhiwa. Mwaka huo huo shauri likafunguliwa mahakamani Mombasa kutaka shughuli zote za mpango huo zisimamishwe. Wakala wa nyuklia ulisema kwamba ujenzi ulikuwa bado mbali na kwamba ushirikishwaji wa wananchi ulikuwa ukiendelea. Lakini tangu siku ya maandamano, kila mkutano ulioitwa Uyombo ulikuwa na kivuli cha rungu juu yake.

Si kazi ya jirani kuwahukumu polisi wa nchi nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yenyewe imeyasema yanayohitaji kusemwa. Ibara ya 10 inataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Linalofaa kutazamwa hapa ni matokeo. Je, nguvu iliyotumika ilisogeza mtambo karibu? Jibu lilionekana mwaka 2025, pale serikali ya Kenya ilipoelekeza macho yake upande wa magharibi, katika kaunti ya Siaya kando ya Ziwa Viktoria.

Huko Siaya hali ya hewa ya kisiasa ilikuwa tofauti. Viongozi kadhaa wa eneo hilo walijitokeza kuunga mkono, na wananchi wengi waliusikiliza mpango huo kwa matumaini ya barabara, shule na kazi. Wengine waliuliza maswali yale yale ya Uyombo: ardhi, samaki na maji. Kwa hiyo lingekuwa kosa kusema kwamba Wakenya wanaupenda umeme wa nyuklia au wanauchukia. Watu wa nchi moja, wenye serikali moja na katiba moja, walipokea jambo moja kwa namna mbili, kwa kutegemea walivyotendewa zamani, nani aliyewaletea habari, na kama walihisi kuwa bado wana nafasi ya kukataa.

Kenya haiko peke yake katika hili. Huko Misri, ardhi ya El Dabaa kwenye pwani ya Bahari ya Kati ilitwaliwa kwa amri ya rais mwaka 1981 kwa ajili ya mtambo wa nyuklia. Wakazi wake walikaa miaka 30 na manung'uniko juu ya fidia. Mwezi Januari mwaka 2012, baada ya mapinduzi ya mwaka uliotangulia, walivamia eneo hilo, wakabomoa ukuta na kujenga nyumba ndani yake, na wakapambana na askari waliokuwa wakililinda. Ukuta na bunduki za miaka 30 havikuwa vimetosha. Mwaka 2013 wakazi hao waliirudisha ardhi mikononi mwa jeshi kwa makubaliano, na ujenzi wa kinu cha kwanza ukaanza mwezi Julai mwaka 2022. Askari wale wale waliokabiliwa kwa mawe ndio waliokabidhiwa ardhi, kilichobadilika katikati ni mazungumzo na fidia.

Huko Afrika Kusini, nchi iliyo na mtambo wa Koeberg karibu na Cape Town tangu mwaka 1984, serikali ilitaka kuongeza vinu vingine vya megawati 9,600. Tarehe 26 Aprili mwaka 2017 mahakama mjini Cape Town ilibatilisha mikataba ya mpango huo, baada ya vyama vya raia kulalamika kwamba Bunge na wananchi walipitwa. Hapo hapakurushwa jiwe, lakini mpango ulianguka kwa sababu ile ile.

Sasa, jambo hili linamgusaje askari? Linamgusa kwa njia mbili, na njia hizo zinakutana.

Njia ya kwanza ni ulinzi. Mtambo wa nyuklia hulindwa kwa silaha tangu siku urani inapoingia hadi miaka mingi baada ya mtambo kufungwa. Lakini ulinzi wa kudumu hautegemei uzio peke yake. Kila askari aliyewahi kulinda mpaka anajua kwamba jicho la kwanza la ulinzi ni la mwananchi anayeona mgeni asiyemfahamu na kwenda kutoa taarifa. Mwananchi aliyepigwa ili mtambo ujengwe hatakuja kutoa taarifa hiyo.

Njia ya pili ni maafa. Usiku wa tarehe 26 Aprili mwaka 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl, katika Ukraine ya enzi za Urusi ya Kisovieti, kilipasuka. Waliofika kwanza walikuwa wazima moto. Watu 28 miongoni mwa wazima moto na wafanyakazi wa mtambo walikufa katika miezi michache kwa sababu ya mionzi. Katika miaka iliyofuata watu wapatao 600,000 waliitwa kusafisha eneo hilo, na wengi wao walikuwa askari na wanajeshi wa akiba. Mji wa karibu wa Pripyat, wenye watu wapatao 49,000, ulihamishwa kwa mabasi, lakini ni baada ya saa kama 36, na katika saa hizo watoto walikuwa wakicheza nje kwa sababu hakuna aliyewaambia wazazi wao kitu. Huko Fukushima nchini Japani, baada ya tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari ya tarehe 11 Machi mwaka 2011, watu zaidi ya 150,000 walilazimika kuhama.

Hapo ndipo njia mbili zinapokutana. Mionzi haionekani, hainuki wala haisikiki. Siku ya ajali mwananchi haoni moto wala maji yanayomfuata. Anachokiona ni askari aliyesimama mlangoni akimwambia afunge madirisha akae ndani, au aache ng'ombe na chakula chake apande gari sasa hivi. Kila kitu kinategemea kama ataliamini neno la askari huyo. Kama neno la mwisho alilolisikia kutoka kwa mtu aliyevaa sare lilikuwa amri ya kutawanyika iliyofuatwa na rungu, atasita. Katika maafa ya mionzi, kusita kwa saa chache ni jambo kubwa.

Kwa hiyo imani ya wananchi ni kifaa cha usalama, sawa na saruji inayozunguka kinu na maji yanayokipoza. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeorodhesha mambo 19 ambayo nchi inapaswa kuyaandaa kabla ya kujenga mtambo wa kwanza. Kuwashirikisha wahusika na wananchi ni jambo mojawapo katika orodha hiyo, na limewekwa pamoja na usalama wa kinu, ulinzi na maandalizi ya dharura. Nchi inayoona ushirikishwaji kama kazi ya kupamba mikutano haijaisoma orodha hiyo vizuri.

Mwisho, kuna suala la ujirani. Ajali ya Chernobyl ilijulikana nje siku mbili baadaye, pale vipimo vya mtambo wa Forsmark nchini Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mahali pa ajali, vilipogundua mionzi iliyotoka kwingine. Ndipo dunia ilipofanya mkataba, mwezi Septemba mwaka ule ule wa 1986, wa kupeana taarifa mapema ajali ya nyuklia inapotokea. Ziwa Viktoria ni mali ya nchi tatu. Kenya ina sehemu ndogo kuliko zote, karibu asilimia 6, na Tanzania ina karibu nusu yake. Mvuvi wa Musoma na mvuvi wa Siaya hutupa nyavu katika maji yale yale, na maji hayo hutoka Jinja kwenda mto Nile. Uganda nayo imechagua eneo la Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, kwa mtambo wake wa nyuklia. Itifaki ya Bonde la Ziwa Viktoria, iliyotiwa saini na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2003, inazitaka nchi hizo kupeana taarifa juu ya mipango inayoweza kuwagusa majirani. Kuuliza maswali kwa mujibu wa itifaki hiyo ni wajibu wa ujirani, wala si uadui.

Tanzania yenyewe haina haki ya kutazama mambo haya kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Urani ipo katika ardhi yake, huko Mkuju katika wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, ambako mtambo wa majaribio ya kuchenjua madini hayo ulizinduliwa mwezi Julai mwaka 2025. Mahali pa namna hiyo patakuwa na askari wa kulinda, na patakuwa na wanakijiji wenye maswali. Mwanakijiji anayeuliza vumbi linakwenda wapi si adui wa maendeleo. Anauliza swali ambalo mhandisi naye amelazimika kulijibu katika michoro yake.

Funzo la Uyombo, kwa askari, ni la kikazi. Serikali hupanga, wataalamu hupima, mahakama huamua, na askari hutumwa. Lakini katika mambo yote hayo, askari ndiye ambaye mwananchi humwona uso kwa uso, na sura yake ndiyo inayobaki katika kumbukumbu za kijiji. Akisimama katika mkutano wa hadhara kwa nidhamu, akamlinda anayepinga kama anavyomlinda anayeunga mkono, atakuwa amefanya kazi ya ulinzi wa mtambo ambao haujajengwa bado. Na ikiwa mtambo huo hautajengwa kamwe, kijiji kitakuwa kimebaki na polisi wake, na polisi watakuwa wamebaki na kijiji chao.